Mtoto Wako Anakaa Wapi?

Mzazi mpenzi, swali hili ni jepesi, hata mtoto wa miaka mitano hulijibu bila kufikiri. Lakini kila mwaka, kabla ya shule kufunguliwa mwezi Januari, wapo baba na mama huku kwetu Ufipa wanaolitafutia jibu siku nyingi. Mtoto analala kijijini, lakini katika karatasi analala mjini Sumbawanga. Leo yafaa tulizungumze jambo hili bila kulaumiana.

Mimi ni karani wa parokia. Natunza vitabu vya ubatizo, na cheti cha ubatizo ni moja ya karatasi zinazosaidia mtu anapoomba cheti cha kuzaliwa. Ndiyo maana watu hunijia. Siku moja alikuja baba mmoja, mkulima wa mahindi, akavua kofia mlangoni. Alitaka cheti cha binti yake. Nikafungua kitabu, nikaliona jina, nikashika kalamu. Akasema, “Karani, hapo penye jina la baba, andika jina la mdogo wangu aliyeko mjini.” Nikamwuliza, “Je, baba, wewe umekwisha kufa?” Akacheka kidogo, kisha akanyamaza.

Nia yake haikuwa mbaya. Sekondari ya kata yao iko mbali. Binti angetoka nyumbani gizani, na wakati wa masika angevuka maji. Nani asiyemhurumia mzazi wa namna hiyo?

Tuseme kweli, serikali imefanya mengi. Tangu mwaka 2004 sekondari za kata zimejengwa kwa wingi, na tangu Januari 2016 hakuna ada mpaka kidato cha nne. Lakini kata hazilingani. Wachache huchaguliwa kwenda shule za bweni. Walio wengi hupangwa sekondari za karibu na shule ya msingi waliyomalizia. Basi wengine hupiga hesabu mapema. Mtoto wa darasa la tano au la sita anahamishiwa mjini, na barua inasema anakaa kwa mjomba, au kwamba yeye ni mtoto wa mjomba.

Hila hii si ngeni. Miaka ya 1970 na 1980, nafasi za sekondari zilikuwa chache na ziligawanywa kwa mikoa. Kurudia darasa la saba kulikatazwa. Hivyo walioshindwa walirudia katika shule nyingine kwa jina la mtoto aliyeacha shule. Jina la kuazima likawa la maisha. Na ugonjwa huo haukuishia darasa la saba. Mwezi Aprili 2017, serikali ilipomaliza kuhakiki vyeti vya watumishi wake, ilitangaza watu 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na pia vyeti 1,538 vilivyotumiwa na watu zaidi ya mmoja.

Hata nchi tajiri zina jambo hili. Katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mama mmoja aitwaye Kelley Williams-Bolar aliwaandikisha binti zake wawili katika shule za eneo jirani kwa kutumia anwani ya baba yake, babu wa watoto. Huko shule hutegemea sana kodi za nyumba za wenyeji. Mwezi Januari 2011 alihukumiwa, akakaa jela siku 9. Wengi walimhurumia, na mwaka huohuo gavana akaipunguza hatia yake. Lakini siku zile za jela hakuna aliyeweza kuzirudisha.

Sasa tazama anayelipa gharama hapa kwetu. Wa kwanza ni mtoto mwenyewe. Jina la darasa la saba humfuata mpaka cheti cha kidato cha nne. Siku atakapoomba mkopo wa chuo ataulizwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na majina yasipolingana ataanza safari za viapo na nauli. Tena, amefundishwa na baba yake mwenyewe kusema, “Baba yangu ni yule.” Kesho akikudanganya wewe, utamwonya kwa maneno gani?

Lililo baya zaidi ni la wale wasiokaa hata kwa huyo mjomba. Wanapangishiwa chumba, wanajipikia, hakuna mtu mzima wa kuwaangalia. Binti akiugua usiku, mwalimu anampigia simu mjomba ambaye hajui binti alipo.

Wa pili ni shule ya kijiji. Fedha za kuiendesha hupelekwa kwa hesabu ya wanafunzi, nayo hupungukiwa. Tena humpoteza mzazi mwenye bidii, yule ambaye angesimama katika kikao na kudai mwalimu wa hesabu.

Basi tufanye nini? Ikiwa mtoto atakaa mjini kweli, sema hivyo. Mwalimu mkuu wa huku na wa kule washughulikie uhamisho kwa namba yake ya PReM. Baba aandikwe baba, na ndugu aandikwe mlezi. Na ikiwa hatakaa huko, usimwandikie nyumba asiyolala. Nenda kwenye mkutano wa kijiji, useme juu ya hosteli ya wasichana na chakula cha mchana. Tofali moja la kweli lamfaa mtoto kuliko barua kumi za uongo.

Yule baba aliondoka na cheti chenye jina lake mwenyewe. Binti alikwenda kukaa kwa baba yake mdogo kweli kweli, akaandikishwa kwa jina lake halisi, na hakuna aliyemkatalia. Uongo ule haukuhitajika hata kidogo.

Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Mzazi mwenzangu, usimpitishe mwanao humo. Shule anayoitafuta iko mbali, naye anahitaji njia itakayomfikisha.