Muhogo wa Leicester

Anayehamia Uingereza kutoka Afrika Mashariki hutahadharishwa kuhusu viza, kodi ya nyumba na baridi ya Januari. Hakuna anayemtahadharisha kuhusu jioni ya kawaida, atakaporudi kazini na njaa na kukuta duka kubwa lenye rafu nzima ya mikate halina unga wa kusonga ugali. Wengi huona aibu kulalamikia jambo la namna hiyo, kana kwamba ni deko. Si deko. Mazoea ndiyo yanayompumzisha mtu, na aliyeyapoteza hufanya kazi mpaka mezani.

Unga wenyewe una mambo. Sembe hutokana na mahindi meupe yaliyokobolewa, yaani yaliyoondolewa ganda na kiini, kisha yakasagwa laini. Katika maduka ya kawaida ya Uingereza, unga wa mahindi mara nyingi ni wa njano na wa chengachenga, uliokusudiwa polenta ya Kiitaliano. Ule mweupe unaouzwa kwa ajili ya kuufanya mchuzi uwe mzito ni wanga mtupu. Ukiusonga unapata kitu cha kuteleza kisichoshikana. Unga wa Meksiko nao, hata ukiwa mweupe, mahindi yake yamechemshwa kwa chokaa kabla ya kusagwa, na ladha hiyo haifichiki. Ulimi pia una kumbukumbu zake: Wakenya wa umri fulani walikula mahindi ya njano yaliyotoka Marekani wakati wa ukame wa 1984, na kwao rangi hiyo bado ni rangi ya njaa.

Hata unga sahihi ukipatikana, jiko lina masharti yake. Sufuria ya huko ni nyepesi na ina mkono mmoja mrefu. Ukikandamiza mwiko, yote huzunguka juu ya kioo cha jiko la umeme.

Hata hivyo, kuna miji ambako upungufu wa vyakula vya kwetu hauumi sana, na sababu yake ni ya kihistoria. Agosti 1972 Rais Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka nchini. Zaidi ya 27,000 waliingia Uingereza. Halmashauri ya jiji la Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende huko. Maelfu walikwenda vilevile. Watu hao, wengi wao Wagujarati, walikuwa wamezaliwa au kukulia Kampala, Jinja na Mbale, na matumbo yao yalikuwa ya Afrika Mashariki. Walitaka muhogo, mbaazi, nazi na matoke, na kwa kuwa wengi walikuwa wafanyabiashara, walijua namna ya kuviagiza. Mpaka leo muhogo wa kukaanga, uliotiwa pilipili na ndimu, huuzwa katika migahawa ya Wagujarati wa jiji hilo, nao huuita mogo. Mtanzania anayefika sasa na kununua muhogo bila kuhangaika anafaidi kazi ya watu waliofukuzwa kwao nusu karne iliyopita.

Mchicha nao una wenyewe. Hupatikana katika maduka ya Wabangladeshi, na Wajamaika huula kwa jina la kalalu, wakati mwingine ukiwa wa kopo. Ndiyo maana ushauri wa maana kwa mgeni ni kuuliza Wabangladeshi na Wajamaika wanaishi mtaa gani, kabla hata ya kuwatafuta wa kwao.

Mzigo wa ndege huziba pengo kidogo tu. Sheria za Uingereza zinamkataza msafiri kutoka kwetu kuingia na nyama au bidhaa za maziwa kwa matumizi yake, kwa hofu ya magonjwa ya mifugo. Kwa hiyo samli ya mama hubaki uwanjani. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20, na dagaa wakavu hupita. Taabu yao huanza kwenye kikaango: madirisha yamefungwa kwa baridi, harufu inajaa ngazi za jengo, na kengele ya moshi inalia kabla hawajakaangika vizuri.

Lisilofungashika kabisa ni duka la jirani. Nyumbani mtu hukumbuka nyanya maji yakiwa yameshachemka. Anamtuma mtoto, naye anarudi na fungu moja na mafuta ya kupima, na deni linaandikwa kwenye daftari. Mapishi ya kwetu yamejengwa juu ya ukaribu huo. Ugenini chakula kilekile hudai orodha, basi la Jumamosi na friza. Kwa familia ya Kikongo au ya Kirundi iliyopangiwa makazi katika mji mdogo ambako hakuna Mgujarati, Mbangladeshi wala Mjamaika aliyetangulia, unga huagizwa kwa posta, na gharama ya kuusafirisha inaweza kuizidi bei ya unga wenyewe.