Meli ya watalii Cobh: Abiria 3,000, saa tisa za kuuza

Mji wa Cobh, kusini mwa Ireland, una wakazi wapatao 14,000. Meli kubwa ya watalii inapofunga kamba gatini asubuhi, inaweza kushusha watu zaidi ya 3,000 kwa mkupuo, na jioni ikawachukua wote. Katikati hapo, kama saa tisa hivi, ndipo wenye maduka, mikahawa na meza za vitu vya ukumbusho wanapotafuta riziki yao.

Jina la mji husomwa "Kov". Uko kisiwani, ndani ya Bandari ya Cork, na gati lake limetengwa kwa ajili ya meli za watalii. Msimu ni Aprili hadi Oktoba. Abiria hahitaji boti wala teksi kufika madukani: anashuka ngazi, anatembea dakika chache, yuko mtaani.

Ni neema, lakini ina mtego ndani yake. Stesheni ya reli nayo iko palepale gatini. Treni humfikisha mtu jijini Cork kwa dakika 25 hivi, na huko kuna English Market, soko la tangu mwaka 1788, ambako samaki, nyama na jibini huuzwa chini ya paa moja. Upande wa pili mabasi ya kukodi husubiri wanaokwenda ngome ya Blarney. Huko mgeni hulala chali na kubusu jiwe linalosemekana kumpa mtu ulimi wa ushawishi, kipaji ambacho mchuuzi wa Kariakoo anacho bila kubusu jiwe lolote. Wengine huenda Midleton inakotengenezwa wiski ya Jameson. Wapo hata wanaoteremka kituo cha Fota, njiani kwenda Cork, kutazama twiga na duma katika bustani ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1983.

Kwa hiyo mwenye duka wa Cobh ana mshindani kabla hajafungua mlango. Safari za mabasi huuzwa ndani ya meli, mara nyingi siku kadhaa kabla ya kufika, na kampuni ya meli hukata fungu lake. Tena kampuni ina silaha nyingine. Basi lake likichelewa, meli kwa kawaida husubiri. Aliyekwenda kivyake kwa treni akachelewa, anaachwa, na gharama ya kuifuata meli bandari inayofuata ni juu yake. Mwenye woga hununua safari ya meli. Chakula nacho kimeshalipiwa ndani ya nauli, na si wachache wanaorudi melini mchana kula, wakaondoka Cobh wamenunua postikadi tu. Wauza vinyago na kanga wa Mombasa na Zanzibar, ambako meli za aina hii pia hutia nanga, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Jambo moja humpendelea mchuuzi, nalo linatokana na forodha. Maduka ya ndani ya meli, yanayouza manukato, saa na pombe bila ushuru, kwa kawaida hufungwa meli ikiwa bandarini na kufunguliwa ikishafika bahari kuu. Kwa saa hizo mshindani mkubwa amefunga makufuli, na anayetaka sweta ya sufu au kitambaa cha kitani hununua nchi kavu.

Halafu kuna suala la sarafu. Meli nyingi zinazopita hapa huanzia Southampton, Uingereza, na abiria wake wana pauni mfukoni. Cobh ni yuro. Meli ikiendelea hadi Belfast, katika kisiwa hichohicho cha Ireland lakini upande ulio chini ya Uingereza, ni pauni tena. Waliozoea kubeba shilingi za aina mbili pale Namanga au Busia watatabasamu. Siku hizi kadi ya benki imepunguza usumbufu huo, ingawa si kwa kila meza ya barabarani.

Cobh inauza nini, basi? Kwa sehemu kubwa inauza kuondoka kwa watu wake. Kati ya mwaka 1848 na 1950, Waireland wapatao milioni 6 waliihama nchi, na kama milioni 2.5 kati yao walipandia meli hapa, wengi wakikimbia njaa na umaskini. Wakati mwingi wa kipindi hicho mji uliitwa Queenstown, jina lililotokana na ziara ya Malkia Victoria mwaka 1849. Annie Moore, mhamiaji wa kwanza kupokelewa katika kituo cha Ellis Island, New York, tarehe 1 Januari 1892, aliondokea hapa akiwa na wadogo zake wawili wa kiume. Sanamu yao imesimama kando ya maji, karibu na stesheni. Kanisa Kuu la Mtakatifu Colman, lililoanza kujengwa mwaka 1868 na kuchukua zaidi ya miaka 40, lilijengwa kwa michango iliyojumuisha fedha za Waireland walioko ng'ambo. Kabla ya kuwa na watalii, Cobh iliishi kwa fedha za waliotoka.

Meli ya Titanic ilisimama hapa kwa mara ya mwisho, tarehe 11 Aprili 1912. Belfast, ilikojengwa, ina jumba kubwa la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2012, na Cobh haina ubavu wa kushindana nalo kwa ukubwa. Imechagua njia nyingine, na ni ya busara. Katika ofisi ileile ya kampuni ya White Star Line, mgeni hupewa kadi yenye jina la mmoja wa abiria 123 waliopandia hapa. Mwishoni hujulishwa kama mtu huyo alipona. Waliopona walikuwa 44.

Makumbusho ya uhamiaji nayo yamewekwa ndani ya jengo la zamani la stesheni. Anayekwenda kupanda treni ya Cork hupita mlangoni, na pengine huachana na Cork.

Kwa wachuuzi, siku ile ya Titanic ina habari nyingine isiyotajwa sana. Meli ilitia nanga nje, karibu na Roches Point, kuanzia saa tano na nusu asubuhi hadi saa saba na nusu mchana. Abiria walipelekwa kwa meli ndogo mbili, na wachuuzi wa Queenstown nao wakaifuata wakiwa na lesi na vitambaa vya kitani. Waliruhusiwa kupanda na kutandaza bidhaa sitahani. Inasimuliwa kwamba tajiri Mmarekani John Jacob Astor alimnunulia mkewe shali ya lesi hapohapo. Walikuwa na saa mbili tu, lakini mteja hakuwa na treni wala basi la kumchukua.

Leo mchuuzi hapandi melini, ulinzi hauruhusu. Anasubiri chini, bei zimebandikwa, kadi zinapokelewa. Asubuhi hupita wale wa mabasi, hawasimami. Wateja wake ni wazee wasiopenda safari ndefu, familia zilizoamua kubaki, na watu wengine ambao matangazo ya utalii hayawataji: wahudumu wa meli. Ni Wafilipino, Wahindi na Waindonesia, zaidi ya elfu moja katika meli kubwa, na baadhi yao hupata saa chache za mapumziko zamu kwa zamu. Hawaulizi habari za Titanic. Wanatafuta intaneti ya kuzungumza na nyumbani, sabuni, dawa ya meno, na mkahawa usiowafukuza wakikaa na kikombe kimoja cha kahawa kwa saa nzima. Mwenye mkahawa anayewakaribisha anajua kuwa meli ikirudi wiki chache zijazo, abiria watakuwa wapya wote, lakini wahudumu wengi watakuwa walewale.