Namba Ikishuka, Tumuulize Nani?

Katika tathmini ya majaribio ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania (TASAF) ya kuhawilisha fedha kwa kaya maskini za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino kuna jambo moja linalosumbua akili. Vijiji 80 viligawanywa kwa bahati nasibu: 40 vikaanza kupokea ruzuku mwaka 2010, 40 vikabaki vya kulinganishia. Sharti mojawapo lilikuwa watoto wadogo na wazee wapelekwe kliniki. Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, walengwa walihudhuria vituo vya afya zaidi kuliko wenzao. Ulipopita mwaka mwingine, mahudhurio yakashuka. Mkaguzi mwenye haraka angeandika kwamba mradi umelegea. David Evans na wenzake, katika ripoti yao ya mwaka 2014, walitazama zaidi ya daftari la kliniki: siku za kuugua zilikuwa zimepungua, wenye kadi za Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) wameongezeka, na watoto wengi zaidi wana viatu. Huenda walengwa walipunguza kwenda kliniki kwa sababu hawakuumwa.

Mpanda, mkoani Katavi, inalihitaji somo hilo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani Katavi walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa 27. Mradi wowote wa mabinti hapa utapimwa kwa namba hiyo. Lakini hadi Novemba 2021, mwanafunzi aliyepata ujauzito hakuruhusiwa kurudi shule ya serikali. Kwa hiyo mimba chache kwenye kumbukumbu za shule zingeweza kumaanisha elimu imeingia, au binti kapelekwa kwa shangazi kabla tumbo halijaonekana. Anayejua ni binti mwenyewe, naye atasema kweli akiulizwa faraghani, mbali na baba na mtendaji, huku akijua kwamba akikataa kujibu hapotezi huduma.

Watasema kuuliza hivyo ni gharama, na halmashauri inadaiwa ripoti. Ni kweli, ila ripoti ya haraka inayofuta mradi mzuri hugharimu zaidi. Wengine watauliza kama ni haki kuviacha vijiji 40 vya kulinganishia bila ruzuku. Fedha zisipotosha wote, bahati nasibu ni ya haki kuliko kujuana na mwenyekiti. Lakini kaya za vijiji hivyo nazo zilihojiwa, zikataja njaa na magonjwa yao kwa mgeni mwenye hojaji. Muda wao ulilipwa kwa kitu gani? Deni hilo halijapata jibu la kutosheleza. Angalau tuanze hapa: matokeo ya mradi wowote wa Mpanda yasomwe kwanza kwenye mkutano wa mtaa, Makanyagio au Nsemulwa, waliohesabiwa wapate kuyapinga, ndipo yapelekwe kwa mfadhili.