Dawa Inapozoeleka Mwilini: Bangi ya Tiba na Ugonjwa wa Wasiwasi

Tuchukue mfano wa mgonjwa wa wasiwasi aishiye Toronto, nchini Kanada, ambako matumizi ya bangi kwa tiba yameruhusiwa kisheria tangu mwaka 2001. Miezi ya mwanzo, matone machache ya mafuta ya bangi aliyoandikiwa na daktari yalimpa usingizi na utulivu. Kufikia mwezi wa sita, matone yale yale hayamfai kitu. Ameongeza dozi maradufu, na bado asubuhi huamka moyo ukimwenda mbio. Hujiambia kuwa ugonjwa umezidi. Je, ni ugonjwa uliozidi, au ni mwili uliozoea dawa? Anayekosea jibu la swali hili huweza kuongeza dozi mwaka mzima bila kupata nafuu.

Wasomaji wetu wanalifahamu neno usugu. Katika usugu wa dawa za maambukizi, vimelea ndivyo vinavyobadilika. Katika mazoea ya bangi, kinachobadilika ni ubongo wa mgonjwa mwenyewe. THC, kemikali kuu inayolevya katika bangi, hufanya kazi kwa kushika vipokezi vya ubongo viitwavyo CB1. Mwili nao hutengeneza kemikali zake za kuviamsha vipokezi hivyo, mojawapo ikiwa anandamidi, iliyotambuliwa mwaka 1992. Vipokezi vinapochochewa kutwa kucha, seli huvipunguza, na vinavyobaki huwa vizito kuitika. Ndiyo maana dozi ya jana haitoshi leo.

Mwaka 2012 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya picha za ubongo za watu 30 waliokuwa wakivuta bangi kila siku. Katika gamba la ubongo, vipokezi vya CB1 vilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 20 vikilinganishwa na vya wasiovuta. Waliopigwa picha tena baada ya kukaa takriban wiki nne bila bangi, chini ya uangalizi, walionekana vipokezi vyao vimeongezeka tena. Mazoea haya, basi, si ya kudumu.

Kuongeza dozi kuna hatari nyingine. Mwaka 2017, huko Chicago, watafiti waliwapa THC baadhi ya watu 42 wenye afya njema kabla ya kuwataka wajieleze na kufanya hesabu mbele ya watu. Waliopewa miligramu 7.5 walipungukiwa na mfadhaiko. Waliopewa miligramu 12.5 walizidiwa na hisia mbaya. Dawa iliyotuliza kwa kiasi kidogo ilisumbua kwa kiasi kikubwa zaidi.

Tena kuna hali ambayo mitaani huitwa arosto. Mtumiaji wa kila siku anapokosa bangi, kwa kawaida ndani ya siku moja hadi tatu huingiwa na wasiwasi, hasira, kukosa usingizi na kukosa hamu ya chakula. Dalili hizi hupamba moto katika wiki ya kwanza, na nyingi hupoa baada ya wiki mbili hivi. Hapo ndipo mgonjwa hukosea: wasiwasi ulioletwa na kukosa dawa huudhania kuwa ni ule ugonjwa wa awali, naye huongeza dozi kuutuliza.

Afanyeje? Kwanza, aandike katika daftari saa, kiasi, na ukali wa wasiwasi kabla na baada ya kila dozi. Wasiwasi unaokuja kila dawa inapoisha mwilini una maana tofauti na ule unaofuata mambo ya maisha. Pili, asiongeze dozi kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari aweza kuipunguza hatua kwa hatua au kupanga mapumziko. Tatu, baada ya mapumziko asirudie dozi kubwa ya zamani, kwa kuwa sasa itamlemea. Nne, asiyazibe mapumziko hayo kwa pombe.

Isisahaulike pia kuwa ushahidi wa bangi kama tiba ya wasiwasi bado ni haba. Tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na mwenendo, pamoja na dawa za kawaida za wasiwasi, zina ushahidi imara zaidi. Dozi inayopanda kila mwezi ni sababu tosha ya kuuliza kama dawa yenyewe ndiyo inayofaa.

Hapa Tanzania bangi imekatazwa, na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haijaacha shaka. Hata hivyo wapo wanaoivuta kwa siri ili, kama wasemavyo, kupunguza mawazo. Ubongo wao huzoea vile vile, tena bila kujua nguvu ya wanachokivuta. Anayejikuta katika hali hiyo amwone daktari na kumweleza ukweli wote, bangi ikiwemo. Daktari asiyeambiwa habari ya bangi hutibu wasiwasi asioujua chanzo chake.