Somo la Leo: Kulala Hoteli ya Pwani

Ndugu wanafunzi wa Old Korogwe! Mto wetu Pangani huishia baharini, lakini kuujua mto siyo kuijua bahari. Sikilizeni.

Huko Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, vikundi vya wageni hulala katika hoteli ili wateleze juu ya maji kwa ubao unaovutwa na tiara kubwa. Huja hasa wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, na wakati wa kusi, Juni hadi Septemba. Miezi hiyo vyumba hujaa. Basi kikundi chenu kikitaka kwenda, agizeni vyumba mapema, na ulizeni kama chakula kimo katika bei.

Mkifika, ulizeni saa ya maji kujaa na kupwa. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo saa ya jana siyo ya leo. Ulizeni kila siku. Maji yakipwa, kina mama hulima mwani pale. Msikanyage mashamba yao.

Hesabianeni kabla ya kuingia majini na baada ya kutoka. Mkondo ukikuchukua, usishindane nao. Ogelea kwa kufuata ufuko, ukitoka mkondoni ndipo urudi pwani.

Maswali:
1. Kwa nini tuulize saa ya maji kila siku?
2. Ukichukuliwa na mkondo, utafanya nini?