JE, WAJUA? Mashine Yenye Udadisi

Je, wajua kwamba huko Ifakara, katika bonde la Kilombero, ambako mwaka 1956 Mswisi Rudolf Geigy aliasisi maabara ya utafiti, wataalamu walimulika kwa mwali wa infraredi matumbo ya mbu waliokaushwa, na kompyuta iliyofunzwa kwa mifano, kama walivyobainisha mwaka 2019, ikatambua iwapo damu waliyoinywa ni ya mwanadamu, ng'ombe, mbuzi au kuku?

Mashine hiyo, hata hivyo, husubiri kufundishwa. Ama ile yenye udadisi, ambayo Mjerumani Jürgen Schmidhuber aliieleza mwaka 1991, hujiundia taswira ya ulimwengu, hubashiri tokeo la kila tendo, na hujihesabia thawabu kila ubashiri wake unapozidi kusahihika, bali penye ghasia isiyofundishika, mathalani mkwaruzo wa redio isiyoshika mawimbi, huchoka ikaenda zake.