Kolwezi: Saa za kompyuta zisipopatana, mfanyakazi ndiye anayelipa

Tuseme lori limebeba madini upande wa Mashamba, karibu na Kolwezi. Kompyuta ya mzani inaandika kwamba lilipimwa saa 14:10. Ile ya getini inaandika kwamba lilitoka saa 14:04. Je, lilitoka kabla ya kupimwa? Hapana, saa za mashine hizo mbili hazipatani. Lakini siku mzigo ukikosekana, dakika hizo sita zinaweza kumpotezea dereva au mlinzi kazi yake.

Saa ya kompyuta haikai sawa yenyewe. Joto linaiharakisha au kuichelewesha kidogo kidogo. Umeme ukikatika, betri ndogo ndani ya mashine ndiyo inayoitunza. Ikizeeka, kompyuta inawaka na tarehe ya zamani. Hapo hata tovuti ya benki inaweza kukataa kufunguka.

Dawa ipo tangu 1985. Inaitwa NTP, na ilibuniwa na David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, aliyefariki Januari 2024. Kompyuta inauliza saa kwa seva kupitia mtandao, inapima muda ambao ujumbe umetumia kwenda na kurudi, kisha inajirekebisha.

Kwa ofisi ya Kolwezi, mambo matatu ni ya lazima.

Kwanza, majira. Kongo ina saa mbili: Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya kimataifa UTC, Lualaba saa mbili. Chagua Africa/Lubumbashi, au kwenye Windows, Harare, Pretoria. Ukichagua ya Kinshasa, NTP haitakuokoa: utabaki nyuma saa nzima.

Pili, teua mashine moja iulize seva kadhaa za nje, kwa mfano zile za africa.pool.ntp.org. Mashine nyingine zote, pamoja na kamera, ziulize hiyo moja. Hata intaneti ikikatika, zitaendelea kupatana.

Tatu, mwombe fundi wa mtandao afungue mlango wa UDP namba 123. Ukifungwa, maswali hayo hayafiki kwenye seva.

Programu kama chrony, inayotumika kwenye Linux, ni ya bure. Kabla ya kumshitaki mtu kwa sababu ya karatasi ya mashine, linganisheni saa kwanza.